Niliuziwa "daktari wa samaki" kumbe ni mng'ata mapezi. Maduka ya samaki wa maji chumvi, mnatuibia mchana kweupe!

Wadau, nimekuja na hasira na sitaificha. Kila anayefuga samaki wa maji chumvi, awe Mombasa au Nairobi, asome huu uzi kabla hajatoa shilingi yake.

Wiki sita zilizopita niliingia duka moja la samaki wa mapambo. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Tangi langu ni la lita 400, lina miaka miwili, na maji yake nayapima kila Ijumaa: uzito wa chumvi 1.025, joto nyuzi 26, amonia hakuna. Nayasema mapema maana najua kuna watakaokimbilia "angalia maji yako kwanza". Maji yangu hayana neno.

Nilikwenda kutafuta samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, yule mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi toka puani hadi mkiani, anayewachokoa wenzake wadudu wa kwenye ngozi. Samaki wangu aina ya kangaja alikuwa anajikwaruza kwenye mawe na roho ilikuwa inaniuma kumtazama. Muuzaji akanionyesha mmoja. "Huyu ndiye daktari mwenyewe, bosi. Elfu tatu na mia tano, na hapo nimekufikiria." Nikalipa. Hapo hapo akanivuta kwenye tangi la pili: samaki klauni wawili, wa aina aliyoiita "Clarkii wa Indonesia, wameshuka na ndege juzi tu", elfu kumi na nne kwa jozi. Nikalipa tena.

Siku ya tatu nikakuta pezi la mkia la kangaja limemeguka kama karatasi iliyopitiwa na panya. Siku ya tano klauni mmoja naye kapungua pezi la ubavuni. Usiku huo nilizima taa za sebuleni, nikaacha ya tangi peke yake, nikakaa kimya saa nzima. Nikaona kila kitu. "Daktari" alikuja akiyumbisha kiwiliwili chake juu chini, ule mchezo wa wasafishaji. Kangaja akasimama, akatandaza mapezi, akajiachia kama mtu aliyeketi kwa kinyozi wake wa siku zote. Yule kiumbe akasogea taratibu, akamng'ata, akachomoka. Kangaja akaruka akajigonga kwenye kioo. Baada ya dakika chache mchezo ukaanza upya, na kangaja akasimama tena, maana rangi na mwendo vilimwambia kwamba huyu ni msafishaji.

Yule si Labroides, ni Aspidontus. Hata ukoo wao haukutani. Amevaa rangi ya msafishaji, ameiga hadi uchezaji wake, na kwa vazi hilo anawasogelea samaki wengine bila kushtukiwa. Wa kumtambua ni mdomo. Msafishaji wa kweli mdomo wake uko mbele kabisa, kwenye ncha ya uso. Huyu pua imetangulia na mdomo umejificha chini yake, kama wa papa mdogo, na ndani kuna meno marefu ya taya la chini. Ukimtazama kwa ubavu sekunde kumi humkosei. Mimi ni mnunuzi, nilidanganyika, sawa. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kuuza samaki, anayewalisha kila asubuhi, hajawahi kumtazama huyu mdomo?

Na kuna jambo lingine limenichoma zaidi. Hata msafishaji wa kweli hakuwa jibu. Nimesoma sana baada ya mkasa huu. Wengi wao hufa njaa kwenye matangi ya nyumbani kwa sababu chakula chao ni wale wadudu wa kwenye ngozi za samaki, na tangi la nyumbani halina wageni wa kutosha wa kumlisha. Na kama kangaja anajikwaruza kwa maradhi ya vidoa vyeupe, kimelea chake hujizika chini ya ngozi, msafishaji hamfikii. Muuzaji mwenye utu angeniambia: ndugu, mtenge samaki wako kwenye tangi dogo, mtibu, hifadhi pesa zako. Badala yake alinihesabia noti.

Sasa njooni kwenye klauni, maana hapa ndipo wizi wa bei ulipo. Baada ya kugundua nimepigwa kwa mmoja, nikaanza kuwakagua wengine. Clarkii ana mikanda mitatu myeupe, wa tatu uko kwenye shina la mkia. Wangu wana miwili tu na mkia mweupe mtupu. Hao ni Amphiprion allardi, na Allardi anaishi pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia hapa kwetu Kenya kushuka hadi Durban. Indonesia hayuko! Ndege gani basi iliyomleta? Nimelipa nauli ya bahari nzima kwa samaki aliyezaliwa kwenye mwamba wa nyumbani.

Sisemi Allardi ni samaki duni. Ni mzuri mno, na kuna watu Ulaya wanaomtamani. Ninalosema ni kwamba bei niliyotajiwa ilijengwa juu ya safari ambayo haikuwahi kuwapo. Nilikwenda Shimoni, kijiji cha wavuvi kusini mwa pwani yetu, nikaongea na mzee mmoja mzamiaji, anayekamata samaki wa mapambo kwa vyandarua vidogo tangu ujana wake. Nikamwonyesha picha. Akamtambua kabla sijamaliza kufungua simu. Nikamuuliza, "Mzee, huyu wewe unalipwa ngapi?" Akanitajia. Haifiki hata shilingi mia mbili kwa mmoja, na siku nyingine dalali humrudishia waliochoka bila kumlipa. Mimi nimelipa elfu saba kwa kila mmoja.

Najua duka lina gharama. Kuna samaki wanaokufa njiani, umeme wa pampu usiku kucha, kodi ya nyumba, mfuko na oksijeni. Hizo nitazilipa bila kunung'unika. Hata ukiniambia umemkalisha wiki tatu, anakula vizuri, hana kidoa, nitaongeza juu yake, maana samaki wa namna hiyo ana thamani kuliko aliyetolewa baharini jana. Ila niambie ukweli wa alikotoka. Asiyejulikana alikotoka atakuwa ametolewa wapi? Ndani ya hifadhi ya baharini pia inawezekana, mahali ambapo yule mzee wa Shimoni akikamatwa anashtakiwa.

Na si hawa tu. Kitatange mchanga wa aina nyingine anauzwa kama kitatange "Imperator" bila mtu kutazama mistari. Imperator mchanga mistari yake myeupe karibu na mkia hufunga duara kamili. Yule mwingine, semicirculatus, ambaye akikua mkia wake huchorwa alama zinazofanana na maandishi ya Kiarabu, mistari yake hujipinda kama mwezi mwandamo na haifungi. Wote ni wetu, wote ni buluu wakiwa wachanga, lakini bei zao si moja. Klauni ocellaris naye anapandishwa cheo akaitwa percula, klauni mwingine anayefanana naye. Hesabuni miiba ya pezi la mgongoni: ocellaris kwa kawaida ana 11, percula 10.

Nilirudi dukani na video. Nikaambiwa, "Samaki akishatoka hapa si wetu tena." Nikasema sirudishi samaki aliyebadilika, narudisha samaki ambaye hamkuniuzia. Nikacheka? Sikucheka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, inakataza kumwuzia mtu kitu kwa maelezo ya uongo, na samaki ni bidhaa kama friji. Nikaombwa nitoke nje, wateja wanasikia.

Ninachotaka ni kibandiko kwenye kila tangi: jina la kisayansi, mahali alipotoka, tarehe aliyoingia dukani. Muuzaji asiyejua jina aandike "sijui", nami nitaamua mwenyewe kama ninunue.

Kangaja amehamia tangi la matibabu, pezi limeanza kuchipua pembeni. Yule mng'ataji nimemtenga kwenye lita 60 peke yake. Baharini simrudishi, asije akapeleka maradhi ya tangini.

Jumamosi narudi dukani, na safari hii naenda na karatasi. Aliyenunua "Clarkii wa Indonesia" mwaka huu aweke hapa chini picha ya mkia, ubavu mzima uonekane, pamoja na bei aliyolipa. Aliyenunua "daktari" apige picha ya mdomo.