Naomba ushauri: simu ya marehemu iko kwangu, wanaoidai ni wawili

FundiMtulivu: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi simu hapa Kariakoo. Mwezi uliopita, mdogo wa msanii mmoja aliyefariki ghafla aliniletea simu ya marehemu, kioo kimepasuka na haiwaki, akaomba niifufue ili familia ipate picha za kumbukumbu. Jana akaja mtu aliyejitambulisha kuwa ni afisa wa serikali, hana sare wala karatasi, akaitaka simu hiyo kwa ajili ya uchunguzi. Sijalala. Nimpe nani?

Wakili wa Mtaa: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuidhinisha upekuzi na uchukuaji wa vifaa, tena bila kupitia kwa hakimu, jambo ambalo wengi tumelilalamikia tangu ilipopitishwa; lakini idhini hiyo haina budi kuwapo, na asiye na kitambulisho wala barua hastahili kupewa hata chaja.

Mama Shani: Baba yangu alipopata ajali, niliiona picha yake amelala kando ya barabara, katika kundi la WhatsApp la mtaa, kabla shangazi hajapata ujasiri wa kunipigia. Hadi leo nikimkumbuka, picha hiyo ndiyo inayotangulia. Mwanangu, humo ndani wewe umeona nini?

Mzee wa Kahawa: Fundi wangu ana simu yangu tangu Februari, na kila nikienda ananiambia anasubiri kioo kutoka Dubai. Leo nimeelewa anachosubiri.

FundiMtulivu: Mama, sitakudanganya. Ilipowaka, nilinakili ujumbe na picha kwenye kompyuta yangu, kwa tahadhari tu. Mwenye blogu mmoja alisikia, akanitangulizia laki mbili kwa picha za wodini, nami nimeshalipa nazo kodi ya fremu. Sijamtumia chochote. Isitoshe, marehemu mwenyewe aliyaanika maisha yake yote mitandaoni.

Wakili wa Mtaa: Aliyechagua cha kuanika alikuwa yeye. Kobe Bryant, yule mcheza kikapu wa Marekani, alijulikana dunia nzima, lakini Agosti 2022 wazee wa baraza wa mahakama moja ya Los Angeles waliamua mjane wake alipwe dola milioni 16, kwa sababu watumishi wa kaunti walipiga picha za miili kwenye ajali ya helikopta iliyomuua na kuonyeshana. Kwetu faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Rudisha laki mbili za watu.

Bin Salum: Mwosha maiti huona mengi, na hutoka chumbani kinywa kimefungwa.

Jicho la Tatu: Mimi nina mashaka. Kama simu ilikuwa haiwaki na mwenyewe amekufa, nenosiri lilitoka wapi? Tena ni msanii gani aliyefariki mwezi uliopita bila jukwaa hili kufunguliwa nyuzi hamsini? Nadhani huyu ndiye mwenye blogu, anapima upepo.

FundiMtulivu: Ni mwimbaji wa mkoani kwetu, na nenosiri alinipa mdogo wake. Namba aliyoiacha yule afisa haipatikani. Laki mbili nitazirudisha mwisho wa mwezi.

Mama Shani: Na zile ulizonakili?

Mzee wa Kahawa: Saa tatu zimepita na mama hajajibiwa. Kesho asubuhi naifuata simu yangu, iwe imepona au haijapona.