Laptopu inayokataa kurudi kwenye waifai ya nyumbani: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Lanet
Hamjambo nyote. Kuna mtu nimemsikia akilalamika kwamba kila asubuhi lazima aishike laptopu yake mkono kama mtoto wa nasari ndipo iingie kwenye waifai, nikasema hilo ni langu kabisa. Hapa Lanet stima ikipotea na kurudi, simu zote za nyumbani zinaingia zenyewe, runinga inaingia, laptopu peke yake inabaki imenuna. Jina la waifai naliona, mtandao una nguvu, lakini mpaka nibonyeze mimi. Wakati wa kuingiza alama za mitihani ndio huwa mbaya zaidi. Unafunga kifuniko ukasonge ugali, ukirudi hakuna mtandao na ukurasa uliojaza nusu umekwenda. Ni Windows 10, mashine ya mtumba kutoka Uingereza. Waliopitia haya walifanyaje? Mwageni.

Nyar Ahero
Hapo kwa alama za mitihani umenigusa. Yangu hivyo hivyo.

Fundi wa Kondele
Mwalimu, anza na rahisi. Bonyeza alama ya waifai, chagua jina la nyumbani, na kabla ya kuunganisha angalia kama tiki ya "Connect automatically" ipo. Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui: ukibonyeza "Disconnect" kwa mkono wako, hata kama jana ulikuwa unabana bando tu, Windows inachukulia kwamba hiyo waifai huitaki, na haitairudia mpaka wewe mwenyewe uiunganishe tena. Wateja wengi wanaoniletea shida hii wanaishia hapo. Nawawekea tiki waende nyumbani, sichukui hata shilingi.

Kijana wa Njoro
Tiki ninayo na bado inanisumbua. Mimi niliisahaulisha hiyo waifai, "Forget", nikaandika paswadi upya. Ikakaa vizuri kwa muda, ikarudia tabia.

Baba Tatu
Hiyo Forget inatuliza tu, haitibu. Ugonjwa uko kwenye kuokoa betri. Fungua Device Manager, nenda Network adapters, bonyeza mara mbili jina la kadi ya waifai, ingia kichupo cha "Power Management", toa tiki kwenye mstari unaoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Ukifunga kifuniko kadi inalazwa, na kuna kadi zikishalala haziamki vizuri. Mimi nilitoa ile tiki na sijasumbuka tena.

Kijana wa Njoro
Hicho kichupo kwangu hakipo.

Baba Tatu
Kipo. Angalia vizuri.

Kijana wa Njoro
Mzee, nimekwambia hakipo. General, Advanced, Driver, Details, Events. Basi, hapo ndio mwisho.

Baba Tatu
Basi hiyo laptopu yako nayo sijui uliinunua wapi.

Fundi wa Kondele
Msigombane, nyote mko sawa. Laptopu nyingi za siku hizi zinalala kwa mtindo wa simu: skrini inazima, ndani kazi inaendelea kidogo kidogo. Nyingi za aina hiyo hazionyeshi hicho kichupo. Kijana, wewe ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, tafuta modeli yako, uchukue draiva ya waifai ya karibuni, ile programu inayoendesha kadi. Usiokote draiva kwenye tovuti za kubahatisha, utaleta virusi nyumbani.

Penguin wa Mamboleo
Ondoeni Windows, wekeni Ubuntu mpumzike.

Baba Tatu
Nilijua tu atatokea.

Nesi wa Lurambi
Samahani nitaandika ndefu, kwa sababu haya mazungumzo yamenirudisha mahali sikutaka kurudi.

Nilikuwa na mahojiano ya kazi ya unesi Uingereza, kwa video, saa tisa alasiri. Mlioishi Kakamega mnajua saa tisa hapa ni saa ya nini: jua la mchana likishachoma, mawingu yanajikusanya, na ngurumo haikawii. Nikajipanga. Betri imejaa, sare imepigwa pasi, mtoto nimempeleka kwa kukhu, nyanya yake.

Tulianza vizuri. Watu watatu kwenye skrini, mama mmoja mwenye miwani ndiye anayeuliza. Akaniuliza kuhusu mgonjwa ambaye presha yake inashuka baada ya upasuaji. Hapo ni kwangu kabisa, hiyo wadi nimeifanya miaka. Niko katikati ya jibu, radi ikapiga, stima ikakatika na kurudi papo hapo. Laptopu ilikuwa na betri, haikutikisika. Lakini ruta ilizimika na kuanza upya. Nyuso za wale watu zikaganda, yule mama mdomo uko wazi.

Nikabaki naitazama ruta pale juu ya kabati. Taa ya kwanza ikawaka kijani. Ya pili ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Simu yangu ikalia ujumbe wa WhatsApp, maana yake waifai imerudi na simu imeshaingia. Laptopu hakuna. Nabonyeza orodha ya waifai, naona ya jirani, naona ya duka la chini, yangu haimo. Nikawasha hotspot ya simu, laptopu haiioni kabisa, na simu iko pembeni yake kwenye meza ileile. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikaizima laptopu na kuiwasha, kumbe ilikuwa na masasisho yanasubiri. Ikaanza kuhesabu asilimia. Nikailalia ile meza nikalia kwa sauti, na mimi ndiye huwa naambia familia za wagonjwa wajikaze.

Niliwaandikia barua pepe kwa simu kuwaeleza. Wakanijibu kwa upole na kunipa siku nyingine, Mungu awabariki. Siku hiyo nilienda kufanyia kwa dada yangu Bungoma, ambaye laptopu yake inatumia waya. Kazi nilipata. Lakini hadi leo sijaelewa: kwa nini hotspot ya simu haikuonekana?

Nyar Ahero
Pole mamangu. Nimesoma huku nimeshika kifua.

Dada wa Shabab
Hapo kwa kuhesabu asilimia mimi ningeitupa nje ya dirisha.

Fundi wa Kondele
Nesi, hongera kwa kazi na pole kwa hiyo siku. Hotspot yako huenda ilikuwa inarusha kwenye masafa ya 5 GHz. Laptopu nyingi za zamani zina kadi inayosikia 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo hata simu ukiiweka juu ya kibodi haitaiona. Kwenye Android ingia mipangilio ya hotspot, tafuta palipoandikwa "Band", uiweke 2.4. Kwenye iPhone kuna swichi ya "Maximize Compatibility", iwashe, kazi ni ileile. Fanya hivyo leo, usingoje siku ya shida.

Mhandisi wa Riat
Naongezea kuhusu ile ruta, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanadanganyana. Hiyo 5 GHz imegawanywa chaneli, na baadhi ya chaneli hizo zinatumika pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Ruta ikiwa kwenye chaneli za namna hiyo, kila inapowaka lazima kwanza inyamaze na kusikiliza kwa angalau sekunde 60 kama kuna rada, ndipo ianze kurusha. Upande wa 2.4 hauna sharti hilo, unawaka mapema. Simu inadaka 2.4 na kuendelea na maisha. Laptopu iliyozoea jina la 5 GHz inatafuta, haikuti kitu, inapunguza kasi ya kutafuta, na wewe unadhani imeharibika. Ingia kwenye ruta, ufunge 5 GHz kwenye chaneli kati ya 36 na 48, hizo hazina huo ungoja-ungoja. Kama laptopu yako ni ya 2.4 tu kama ya Nesi, basi hili halikuhusu, lako ni kungoja ruta iwake na kuitafutisha laptopu upya: zima waifai, washa waifai.

Baba Tatu
Au nunua UPS ndogo ya ruta, ile betri ya akiba, mambo yaishe. Angalia nyuma ya ruta kama inataka volti 9 au 12 kabla ya kununua. Stima ikipepesa ruta haijui.

Dada wa Shabab
Na radi? Mimi kukinguruma nachomoa kila kitu, hata friji.

Baba Tatu
Ukichomoa kila kitu Nesi atafanyaje mahojiano?

Dada wa Shabab
Atafanyia kwa betri na bando. Ruta inanunuliwa, nyumba ikiungua hainunuliwi. Huko magharibi radi si mchezo, msimfundishe mtu kubaki amechomeka waya.

Nesi wa Lurambi
Nakubaliana na Dada. Nimeona wodini watu waliopigwa na radi. Chomoeni.

Penguin wa Mamboleo
Nilitaniwa, lakini nina la maana pia. Walio kwenye Ubuntu wajue NetworkManager, programu yake ya kuunganisha mtandao, ikishindwa kuunganisha mara 4 mfululizo inapumzika kwanza kabla ya kujaribu tena. Ruta yenu ikichelewa kuwaka mnaipita hiyo hesabu. Andikeni kwenye teminali:

nmcli connection modify JinaLaWaifai connection.autoconnect-retries 0

Hiyo 0 maana yake ijaribu bila kuchoka. Jina likiwa na nafasi katikati, lizungushie alama za nukuu.

Baba Tatu
Sasa umemwambia mwalimu wa Windows afungue teminali ya Ubuntu. Saidia watu kwa walichonacho.

Penguin wa Mamboleo
Hayuko peke yake hapa. Wanaosoma ni wengi.

Kijana wa Njoro
Kwa Windows pia kuna amri. Fungua Command Prompt uandike:

netsh wlan show profiles

Itakutolea waifai zote ambazo laptopu imewahi kuhifadhi na bado inazikumbuka. Mimi nilikuta za hosteli, saiba, hata matatu. Ukiwa mahali waifai mbili unazozijua zinasikika, inaweza kukimbilia ile usiyoitaka. Zifute usizotumia.

Mama Wawili, Free Area
Laiti ungejua umefungua nini, Kijana.

Laptopu ya baba watoto ina shida hii ya Mwalimu. Ameenda kazini ameiacha, nikasema nimtengenezee kabla hajarudi, maana analalamika kila siku. Nikaandika hiyo amri neno kwa neno. Orodha ikatoka. Ya nyumbani. Ya ofisini. Ya kanisani. Ya kwa mama mkwe. Halafu jina la lojingi moja Naivasha, na mbele yake neno "guest".

Mume wangu aliniambia hajawahi kulala Naivasha. Mwaka jana alienda semina ya siku tatu, akasema ni Eldoret. Nimeketi hapa na laptopu mapajani, chakula kinaungua jikoni.

Dada wa Shabab
Wueh. Zima moto kwanza, dada.

Nyar Ahero
Eldoret na Naivasha ukiwa Nakuru ni njia mbili tofauti kabisa.

Kijana wa Njoro
Mama, tarehe pia zinapatikana. Windows inaweka kwenye rejista, kumbukumbu zake za ndani, siku waifai ilipounganishwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nikuelekeze?

Fundi wa Kondele
Kijana, acha. Usimpe mtu kisu akiwa na hasira. Mama, nakuomba usikie kwanza. Jina kwenye hiyo orodha linasema laptopu iliwahi kuhifadhi waifai hiyo. Halisemi nani aliishika. Pili, mtu akitumia akaunti moja ya Microsoft kwenye kompyuta mbili, majina ya waifai yanaweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Laptopu ya ofisini ikienda Naivasha na mwenzake, ya nyumbani inaweza kuonyesha jina hilo. Nimeyaona kazini kwangu.

Mama Wawili, Free Area
Hiyo akaunti ni yake peke yake. Hakuna mwenzake.

Baba Tatu
Ongea naye akishakula. Usimuulize mlangoni.

Dada wa Shabab
Akishakula? Amuulize mlangoni kabisa, kabla hajavua viatu.

Nesi wa Lurambi
Mama, usimsikilize yeyote hapa anayekuharakisha. Mpigie mtu wako wa karibu, dada au mama, akae nawe jioni hii. Watoto wasiwepo mkiongea. Tuko nawe.

Mama Wawili, Free Area
Asante Nesi. Dada yangu yuko njiani anatoka Section 58. Chakula nimezima.

Mwalimu wa Lanet
Mama Wawili, pole sana, tunakuombea utulivu. Nami niwaletee jibu kwa sababu nimejaribu. Tiki ya kwanza ilikuwapo. Kichupo cha Baba Tatu kipo kwenye hii mashine, nimetoa ile tiki, nimefunga kifuniko, nimekaa nimekula, nimefungua: imeingia yenyewe kabla sijaandika paswadi ya Windows. Jaribio la stima kupotea ndilo limebaki, na hapa Lanet halitachelewa.

Penguin wa Mamboleo
Hiyo Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana inasumbua.

Fundi wa Kondele
Tarehe ni sahihi, sababu si hiyo. Kuisha msaada kunakuacha bila viraka vya usalama, na hilo Mwalimu alifikirie kwa sababu anashika alama za watoto. Lakini hakuitoi waifai.

Nyar Ahero
Mimi nimefuata yote na sasa waifai inaingia yenyewe. Lakini kila tovuti inaniambia si salama, haifunguki. Simu inafungua vizuri.

Fundi wa Kondele
Angalia saa na tarehe ya laptopu iko ngapi.

Nyar Ahero
Inasema 1 Januari. Mwaka hata sisemi.

Fundi wa Kondele
Basi waifai yako haina tatizo. Ni betri ndogo ya ndani inayotunza saa, mara nyingi CR2032, ile ya mviringo ya kama sarafu. Ikifa, ukizima na kuchomoa chaja laptopu inaweza kusahau tarehe, na tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama havilingani na mwaka huo. Kwa leo rekebisha tarehe kwa mkono utafungua kila kitu. Usiizime mpaka umalize alama.

Nyar Ahero
Imefunguka! Kesho nakuletea hapo Kondele uniwekee hiyo betri.

Fundi wa Kondele
Njoo nayo na chaja yake. Na uje kabla ya saa sita, mchana huwa nina foleni.