Nafundishaje CPR S3 bila mdoli? Naombeni ushauri

Mwl_Majanji: Jamani habari zenu. Hedimasta kanipa lisaa limoja ijumaa nifundishe S3 (kidato cha tatu) CPR, yaani namna ya kumsaidia mtu moyo ukisimama. Watoto wako themanini na kitu, mdoli wa kufanyia mazoezi hatuna hata mmoja, na wasichana wameshaanza kucheka eti nani atashikwa kifua. Nianzie wapi?

NesiJinja: Mwalimu kwanza wasibonyezane wenyewe kwa wenyewe, mtu ambaye moyo unadunda habonyezwi, mtavunjana mbavu bure. Kama ni bodingi chukua godoro la bweni, likunje, lifunge kamba kwa nguvu, wapige magoti hapo. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, unashuka sm 5 mpaka 6 alafu unaachia kifua kirudi chote, na hapo kwenye kuachia ndo wengi wanakosea. Spidi ni 100 mpaka 120 kwa dakika, we shika simu tu, mibonyezo 30 iishe kwenye sekunde 15 hadi 18. Atakayemaliza kwa 10 huyo anakimbia.

Boda_Busia: Mi nasikia siku hizi hakuna kupuliza mdomoni, ni kubonyeza tu. Wafundishe hivyo aibu iishe

NesiJinja: @Boda_Busia kaka hiyo ni kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, damu yake bado ina oksijeni. Aliyezama aliishiwa hewa kwanza ndo moyo ukasimama, huyo lazima apuliziwe, tena unaanza na pumzi ndo ufuate mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Sasa watoto wa Majanji watakutana na nini kama si ziwa? Na ile ya kumning'iniza mtu kichwa chini eti maji yatoke waambie waache kabisa, mnapoteza dakika.

Mama Aisha: Mwalimu usisahau kuwaambia kuhusu kukoroma. Mtu anavuta pumzi mojamoja kama samaki kwenye boti, watu wanasema aah mzima huyo kalala. Haitiki na hapumui vizuri, anza kubonyeza, mwingine akatafute gari.

Mwl_Majanji: Asanteni sana. Magodoro nimepata ila metroni analia yatachafuka 😅 Nesi, wapokezane baada ya muda gani?

NesiJinja: Dakika 2, hata akisema hajachoka. Metroni mwambie atandike mkeka.