XP za zamani na seva mpya: SMB1, SFTP au Linux?

Fundi_Waya: Wakuu, naombeni ushauri. Nina kompyuta 6 za mezani za Windows XP, memori MB 512 kila moja. Mbili zinaendesha mashine za kukata, na programu yake haikubali mfumo mwingine. Tumebadilisha seva, sasa hazioni folda za pamoja kabisa. Nirudishe SMB1 (itifaki ya zamani ya Windows ya kushiriki folda) kwenye seva, niweke programu ya SFTP (kuhamisha faili kwa njia iliyosimbwa) kila kompyuta, au nihamie Linux?

Nodi7: XP inajua SMB1 tu, SMB2 ilianza na Vista. Samba (programu ya seva za Linux ya kushiriki folda na Windows) nayo tangu 4.11 ya mwaka 2019 inakuja SMB1 ikiwa imezimwa. Weka `server min protocol = NT1` (NT1 ndiyo SMB1) kwenye smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, washa upya, kazi iendelee. Mimi ningefanya hivyo leo leo.

MamaSeva: Nodi7, hapo sikubaliani nawe. WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia ya Mei 2017, ilisambaa kupitia SMB1. Najua kosa lile lilikuwa la Windows, si la Samba, lakini SMB1 yenyewe haisimbi data hata kidogo. Usiiwashe kwenye seva yenye faili za watu wote kwa ajili ya mashine 6.

SFTP ni salama, ila programu ya kukata inataka diski yenye herufi, tuseme Z:, na haitafungua faili kupitia SFTP. Kwa hizo mbili tafuta kompyuta moja ya Linux yenye kadi 2 za mtandao iwe daraja. Kadi moja ielekee XP, nyingine ielekee seva, na isipitishe pakiti kati yake. Faili za kukata zinakiliwe kwa rsync (programu ya kunakili faili) kila dakika chache. SMB1 iishie hapo darajani. Na kwenye rejista ya XP weka LmCompatibilityLevel iwe 3 ili itume NTLMv2 (njia mpya zaidi ya kuthibitisha nenosiri), maana Samba tangu 4.5 inakataa NTLMv1, ile ya zamani.

kebo_ndefu: Hizo nne zilizobaki zipe Debian 12 (aina ya Linux) yenye LXDE (eneo-kazi jepesi), bado ina toleo la biti 32. Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32. Ongeza memori kwanza, kivinjari kitakukaba kwenye MB 512. Ukiunganisha folda kwa cifs (njia ya Linux ya kufungua folda za SMB), andika `vers=3.0`.

Nodi7: Daraja sikuliwazia. Kwa mashine mbili tu, nakubali ni bora.

Fundi_Waya: Nimerudi wakuu. Daraja linafanya kazi! XP ya kwanza iliingia mara moja. Ya pili ilinisumbua saa nzima kwa kosa 1219, kumbe nilishajaribu kuingia darajani kwa jina jingine na XP ikawa bado imeushikilia muunganisho ule. Nikaandika `net use * /delete`, kisha `net use Z: \\daraja\kata /persistent:yes`, na faili zikatokea. Zile nne zinasubiri memori.