Acheni kutuuzia kamera za kukunja zilizotoboka huku mkiandika "imepimwa, inafanya kazi"

Ndugu wana jukwaa, habari zenu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kwa miezi miwili nimejizuia kuandika, nikitumaini kwamba muuzaji angeona haya na kunirudia, lakini juzi nimekuta tangazo lake jipya la kamera nyingine ya kukunja likiwa na maneno yale yale aliyoniandikia mimi: "Ipo vizuri kabisa, imepimwa, inafanya kazi zote." Sitamtaja jina wala ukurasa wake. Najua kwamba hupita humu, na akisoma atajijua.

Nilinunua kwake Agfa Isolette II kwa shilingi 320,000, nikalipia na usafiri wa mzigo kutoka Dar es Salaam, nikaupokea stendi ya Nyegezi. Kwa ambao hawajaishika, hii ni kamera ya Kijerumani iliyotengenezwa München katika miaka ya 1950. Inatumia filamu pana ya roli iitwayo 120 na kutoa picha 12 za mraba, kila upande karibu sentimita 6. Ukibonyeza kitufe, mlango wa mbele unafunguka na lenzi inachomoza ikiwa imeshikiliwa na mvukuto, yaani kile kitambaa cheusi kilichokunjwakunjwa kama cha kinanda cha mkono, ambacho kazi yake ni kuzuia mwanga usiifikie filamu ila kwa kupitia lenzi tu. Ukimaliza unaifunga na kuitia katika mfuko wa koti. Negativu yake, yaani picha ya kinyume inayobaki kwenye filamu, ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya filamu ya kawaida ya milimita 35, na hakuna aina nyingine ya kamera ninayoijua inayokupa negativu kubwa hivyo na bado ikakaa mfukoni. Kwa sababu hiyo nazipenda kamera hizi, na kwa sababu hiyo hiyo nimeumia.

Sikuinunua ili niipange kabatini. Mjomba wangu amejenga mashua za mbao hapa Mwanza tangu kabla sijazaliwa, na mwaka huu aliniambia kwamba ile aliyokuwa akiimalizia karibu na mwalo wa Kirumba ingekuwa ya mwisho, kwa kuwa mgongo haumruhusu tena kuinama. Nilitaka picha 12 tu, zilizopigwa polepole, za mikono yake akishindilia pamba katikati ya mbao kabla ya mashua kushushwa majini. Nilikwenda asubuhi mbili mfululizo. Alikuwa anaacha nyundo hewani kila nikimwomba, na mara moja akaniuliza kama kamera hiyo nzee kuliko mimi kweli itatoa kitu. Nikamjibu kwamba imepimwa.

Filamu za aina hii sijazikuta katika duka lolote hapa mjini. Ninaziagiza, na roli moja ya Ilford HP5 hunifikia kwa shilingi 38,000. Studio nilizokuwa nikizijua zikiwa na chumba cha giza sasa zinachapa picha za simu na za pasipoti, hivyo ninasafisha mwenyewe bafuni usiku, nikiwa na ndoo ya barafu pembeni kwa sababu dawa inataka nyuzi 20 na maji ya tenki letu hayajawahi kushuka hadi hapo bila kulazimishwa. Nasema haya ili anayeuza aelewe kwamba picha moja iliyoharibika hapa kwetu si jambo la kufuta na kurudia.

Nilipoichomoa filamu kutoka kwenye tangi la kusafishia na kuinyanyua mbele ya taa, niliona madoa meusi ya mviringo, mawili makubwa upande wa kulia na kundi la madogo juu yake, yakijirudia mahali pale pale kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Doa jeusi kwenye negativu ni mwanga uliovuja, na kwenye picha iliyochapwa linakuwa jeupe. Katika picha ya nne, ambayo ndiyo niliyoitaka kuliko zote, doa limekaa juu ya mkono wa mjomba ulioshika patasi. Kibaya zaidi, hakuna hata picha moja iliyotulia. Pete ya umbali niliiweka mita 2, nami nilipima kwa kamba, lakini uso wake umetoka kama umeangaliwa kupitia kioo chenye mvuke.

Usiku uliofuata umeme ulikatika, nami nikaona ndiyo nafasi. Nilifungua mgongo wa kamera, nikaingiza tochi ndogo ndani ya mvukuto, nikaiwasha na kuizungusha taratibu. Kila kona ya mkunjo ilikuwa imetoboka. Nilihesabu matundu 23 ya ukubwa wa ncha ya sindano, na mawili ambayo njiti ya kiberiti ingepita. Yale mawili yalikuwa upande ule ule wenye madoa makubwa. Jaribio hilo halikuchukua hata dakika tatu, wala halikuhitaji filamu, fundi, au senti moja. Mtu aliyeandika "imepimwa" hakulifanya, au alilifanya akanyamaza, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Kuhusu picha kutotulia, mwenye kuzifahamu Isolette hatashangaa, kwa kuwa ni jambo linalojulikana kwa wanaozitumia popote duniani. Grisi ya kijani iliyotiwa kwenye nyuzi za lenzi hukauka kwa miaka mingi hadi ikawa kama gundi. Katika lenzi hizi, kioo cha mbele peke yake ndicho kinachopaswa kusogea unapozungusha pete ya umbali. Grisi ikishaganda, kioo cha mbele hushikamana na cha pili, na anayelazimisha pete izunguke anavifungua vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo namba anayoisoma kwenye pete haina uhusiano wowote na umbali ambao lenzi inauona. Ya kwangu ilizunguka, tena kwa ulaini kiasi, na hilo ndilo lililonidanganya. Fundi saa mmoja wa hapa mjini alipoivua alinionyesha alama mpya za koleo kwenye ukingo wa kioo cha mbele. Kuna mtu aliibana kwa nguvu ili ionekane inazunguka. Mkwaruzo ulikuwa bado unang'aa.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu zote, nikamtumia picha za tochi. Jibu lake la kwanza lilikuwa: "Kaka, labda wewe ndiye hukujua kuitumia." Haya, nilimjibu hoja kwa hoja. Kale kadirisha kekundu ka mgongoni, kanakosomesha namba za picha, nilikuwa nimekaziba kwa utepe mweusi na kukafunua kivulini tu wakati wa kusogeza filamu, kwa sababu kalibuniwa zama ambazo filamu nyingi hazikuwa zikiuona mwanga mwekundu, ilhali filamu za leo zinauona, na jua la Mwanza halina huruma. Mlango niliufungua taratibu kwa kuuzuia na kidole, kwa kuwa ukiuachia ufyatuke mvukuto hunyonya hewa kwa ghafla na kuivuta filamu itoke kwenye usawa wake, na filamu niliisogeza baada ya kufungua, si kabla. Nilimweleza yote hayo. Akakaa siku nne, kisha akaandika: "Hiyo ni kamera ya zamani kaka, ulitegemea nini? Mtumba haurudishwi."

Ni hapa hasa ninapopata hasira. Nilitegemea kile alichokiandika yeye mwenyewe. Kama angeandika "sijaipima, shata inalia, mengine sijui" (shata ni kile kilango cha lenzi kinachofunguka kwa muda mfupi kupitisha mwanga), ningelipa nusu ya bei, ningeipeleka kwa fundi kabla ya kumsumbua mzee wa watu asubuhi mbili, na leo nisingekuwa na neno naye. Uzee wa kamera haumpi mtu ruhusa ya kusema uongo juu yake. Hata Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na haikusema kwamba bidhaa yenye miaka sabini imesamehewa.

Wala si kweli kwamba za zamani zote ndivyo zilivyo. Ninayo Zeiss Ikon Nettar ya miaka hiyo hiyo ambayo nilinunua kwa mzee mmoja mwenye studio maeneo ya Makoroboi. Nilipomwamkia na kumweleza ninachotafuta, hakutaja bei kwanza. Alinivuta nyuma ya pazia, akazima taa, akawasha tochi ndani ya mvukuto, akaniambia, "Tazama mwenyewe, mwanangu, macho yako ni mazima kuliko yangu." Kisha akaivuta shata na kuiweka kwenye sekunde moja, ikakwama katikati na kubaki wazi. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha kasha la filamu: "Usishuke chini ya 25. Kipima muda usikiguse." Hiyo 25 ni sehemu ya 25 ya sekunde. Karatasi hiyo ninayo hadi leo ndani ya mfuko wa kamera. Alinionyesha pia kuvu iliyoanza kwenye pembe ya kioo cha nyuma, akaeleza kwamba kamera ikifungiwa katika kasha la ngozi, pamoja na unyevu wa hewa ya ziwani, kuvu haikosi. Nilinunua kitu chenye kasoro tatu, nikakinunua kwa furaha, kwa sababu nilizijua zote tatu.

Na si mimi peke yangu. Rafiki yangu wa Bwiru aliuziwa Kodak ya kukunja kwa maelezo kwamba "inakula filamu ya 120", kumbe ni ya 620. Upana wa filamu ni mmoja, lakini kigurudumu cha 620 ni chembamba zaidi, kwa hiyo cha 120 hakikai. Filamu hiyo ya 620 Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 1995, kwa hiyo sasa inambidi aviringishe filamu ya 120 kwenye kigurudumu cha zamani gizani kwa mikono, na hata hicho kigurudumu hakuuziwa, amekihangaikia mwezi mzima. Muuzaji angepata jibu kwa kuusoma mgongo wa kamera. Imeandikwa pale pale, kwa chuma.

Ninachodai kwa wauzaji wa kamera hizi ni kidogo. Kabla hujaandika "imepimwa", tupigie picha ya mvukuto gizani ukiwa na tochi ndani, kona zote. Turekodie shata ikiwa kwenye sekunde moja, si kwenye 300 ambako hata shata iliyokufa inaweza kutoa mlio. Iache wazi kwenye herufi B, ambapo shata haifungi hadi uachie kitufe, bandika karatasi laini ya wachora ramani mahali filamu inapopita, elekeza lenzi ng'ambo ya ziwa na utuonyeshe kama vilima vinatulia pete ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa. Kama hutaki kufanya hayo, andika kwamba hujapima. Hakuna atakayekulaumu. Picha za kamera ikiwa imefungwa, imepakwa mafuta na kuwekwa juu ya kitambaa chekundu, hazitufai kitu, na wenzangu mnaonunua nawaomba msitume pesa kwa picha za namna hiyo, kwa maana mtauziwa mbuzi kwenye gunia kama nilivyouziwa mimi.

Kwako muuzaji: sitaki kurudisha kamera. Fundi saa ameitenganisha lenzi kwa joto na petroli ya kiberiti, akaisafisha na kuipima upya, na mvukuto mpya ninaukata mwenyewe. Ninataka unirudishie shilingi 45,000 za fundi na 38,000 za filamu, na ninataka uliondoe neno "imepimwa" kwenye lile tangazo la juzi mpaka uipime kweli. Nimeikuza picha yako ya pili. Kona ya chini ya mvukuto, upande wa kushoto, imeshachanika, na inaonekana.

Mashua ya mjomba ilishushwa majini wiki tatu zilizopita, na hakuna nyingine anayoijenga. Negativu zote 12 nimezipiga picha juu ya taa na kuziweka hapa chini pamoja na zile za tochi, na kila doa nimelizungushia duara pamoja na namba ya tundu lililolisababisha.