Kingereza cha barua kimeniponza na mteja wa mchuzi wa zabibu, nianzie wapi kurudia grama?

Katibu_Zabibu:
Wakuu habari za jioni, na mbukwa kwa wale wa nyumbani. Mi ni dada nipo Mpunguzi hapa nje kidogo ya Dodoma mjini, kwenye kikundi chetu cha zabibu mimi ndo katibu, na ukatibu wenyewe nilipewa kwa sababu moja tu eti nimefika kidato cha nne so najua ung'eng'e. Kidato chenyewe nilimaliza 2013 jamani, tangu hapo kingereza changu ni cha kusoma maelekezo kwenye chupa za dawa ya kupulizia zabibu basi.

Sasa msimu huu tumepata mteja yuko Nairobi anataka mchuzi wa zabibu, yani juisi yake iliyokamuliwa, tunaandikiana imeili kwa kingereza maana na yeye ana mabosi wake wanaozisoma. Wiki iliyopita nikamwandikia hivi, nanakili kama ilivyo:

"The drums are ready not delivered yet payment is required we have sent you the invoice yesterday."

Mimi kichwani nilikuwa nasema mapipa yako tayari, bado hayajasafirishwa, tunaomba malipo, invoisi tulituma jana. Yule baba akajibu kwa hasira kweli, yani mzigo hamjaleta na bado mnadai hela? Nikaisoma mara kumi sikuona kosa. Mwenyekiti naye akanipigia anauliza umemtukana nini mteja. Ikabidi nipige simu Nairobi nikaongea kiswahili yakaisha, ila aibu imebaki.

Swali langu ni hili, mtu mzima kama mimi anayetaka kurudia grama, sentensi inavyojengwa na hizi koma na nukta, anaanzia wapi? Nimeazima daftari la mdogo wangu wa kidato cha pili limejaa jedwali la tensi kumi na mbili, nikifika ya nne ya kwanza nimeshasahau. Msinitume kwenye kozi ya laki tatu, hiyo hela sina.

Mtoto_wa_Majengo:
Hahahaaa dada hiyo "yet" ndo imekuuza. Wewe umeiweka kama "bado", yeye kaisoma kama "lakini pamoja na hayo". Umemwambia hatujaleta ila lipa. Ningekuwa mimi ningezima na simu kabisa.

Ticha_wa_Kongwa:
Pole mdogo wangu, achana na huyo wa Majengo. Nafundisha kingereza kidato cha kwanza na cha pili huku Kongwa mwaka wa tisa sasa, sentensi kama yako nazisahihisha kila wiki kwa mafungu.

Hilo jedwali la tensi liweke pembeni kwanza. Tensi iliyokosewa hapo ni moja tu nitaisema mwishoni. Shida yako ni kwamba umejaza sentensi nne kwenye gunia moja na hukushona mdomo. Fanya hivi, chukua kalamu pigia mstari kila kitenzi, halafu kila kitenzi ukiulize mwenyewe ni nani. "Are ready", nani? Mapipa, sawa. "Not delivered", nani? Hapo pamekatika, hakuna mwenyewe wala kitenzi kamili. "Is required", malipo, sawa. "Have sent", sisi, sawa. Umeona sasa, watu wanne wamekaa siti moja.

Na kwa nini sisi tunakosea hapa kuliko pengine, ni kwa sababu kiswahili kinambeba kiima, yani yule mwenyewe wa kitenzi, ndani ya kitenzi. Ukisema "hayajasafirishwa" umemaliza, ile "ya" ndo mapipa yenyewe. Kingereza hakibebi, lazima umtaje kila mara, "they have not been delivered". Ndo maana wanafunzi wangu wanaandika "Is raining" wakiwa na "inanyesha" kichwani, wamesahau "it". Na wengine wanakosea kwa upande wa pili, wanaandika "My father he is a farmer" kwa sababu baba ametajwa na ile "a" ya "analima" nayo inataka siti. Kingereza siti ni moja, akikaa father basi "he" anashuka.

Sasa koma. Kiswahili unasema "nilienda benki, nikakuta imefungwa" na koma moja inatosha, maana ile "ka" inafanya kazi ya kuunganisha. Kingereza hakina "ka". Ukiandika "I went to the bank, it was closed" kwenye barua rasmi ni kosa, umegandisha sentensi mbili kwa gundi ya maji. Ama weka nukta, ama koma pamoja na neno kama "and", "but" au "so", ama nukta mkato (;) kama mbili hizo zinahusiana kweli. Mi mtu anayeanza namwambia tumia nukta tu, nukta haijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Na wewe hivi vitu unavijua ujue. Somo la kiswahili ulifundishwa kishazi huru kinachosimama peke yake na kishazi tegemezi kisichosimama, ulifaulu ukasahau. Ni kilekile. "Because the road was bad" peke yake ni tegemezi, ukikiwekea nukta msomaji anabaki anakuangalia. Na ile "ingawa mvua ilinyesha lakini tulivuna", kwa kingereza chagua mmoja, "although" au "but", wote wawili hawakai nyumba moja.

Ile tensi sasa. "Tumetuma jana" kiswahili haina shida, lakini "have sent" haitaki kutajiwa muda uliokwisha kama "yesterday". Sema "We sent you the invoice yesterday". Ile "me" yetu siyo kila siku "have".

Binti_Chamwino:
Shikamoo ticha. Mi napingana kidogo, sisi shule ya msingi tulifundishwa koma unapumzika kidogo nukta unapumzika zaidi, na mimi mpaka leo naandika hivyo na naeleweka. Halafu siku hizi simu ina programu inasahihisha yenyewe, dada abandike sentensi yake mule amalize, grama ya nini na zabibu zinaiva?

Ticha_wa_Kongwa:
Marahaba. Hiyo ya pumzi ni ya kusoma kwa sauti siyo ya kuandika. Pumzi ndo inawafanya watu waandike "The farmers in our group, have harvested the grapes". Mwandishi amechoka pale kwenye "group" akaweka koma, kumbe amemtenganisha kiima na kitenzi chake. Hapo haiwekwi hata kama una pumu.

Kuhusu programu sawa atumie, mi mwenyewe natumia nikiwa na haraka. Ila jiulize, hiyo "yet" programu ingeikatia wapi? Kabla yake au baada yake? Kote kunaleta kingereza kinachosomeka. Alichotaka kusema dada anakijua dada, mashine inabahatisha tu, na ikibahatisha vibaya yeye hana jicho la kugundua. Anatakiwa ajue japo kiasi cha kuikatalia.

Wakili_wa_Mchongo:
Mnaodharau koma sikilizeni hii. Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai ovataimu. Sheria ya jimbo ilitaja kazi ambazo hazilipwi ovataimu, kuchakata, kuhifadhi, kugandisha na kadhalika, orodha ikaishia na "packing for shipment or distribution of" halafu aina za bidhaa. Kabla ya "or" hapakuwa na koma. Kampuni ikasema kufungasha ni kazi moja na kusambaza ni nyingine, dereva anasambaza kwa hiyo hana ovataimu. Madereva wakasema bila koma hiyo ni kazi moja tu, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, na sisi hatufungashi kitu tunaendesha. 2017 mahakama ya rufaa ikaona sheria haieleweki vizuri ikawapa madereva ushindi kwenye hoja hiyo, 2018 kampuni ikamalizana nao kwa dola milioni 5. Na baada ya ile hukumu ya mahakama bunge la Maine likaiandika upya hiyo orodha likaweka nukta mkato kila baada ya kazi, wasije wakashikwa tena.

Hiyo koma ya kabla ya "and" au "or" ya mwisho kwenye orodha Waingereza wengi hawaiweki, Wamarekani wengi wanaiweka. Mi nashauri dada kwenye invoisi uiweke tu. "Drums, caps, labels and transport", kesho mteja anakwambia lebo na usafiri si bei moja hiyo?

Mtoto_wa_Majengo:
Dola milioni 5 kisa koma. Na mimi hapa nimemaliza shule bila kuweka hata moja, sijui nani ananidai.

Katibu_Zabibu:
Jamani asanteni, shikamoo ticha, sikukusalimia mwanzo nisamehe. Nimekaa na kalamu kama ulivyosema nikapigia mistari nikauliza nani nani nani mpaka mama akauliza unaongea na nani. Nimepata hii:

"The drums are ready. They have not been delivered yet, because we are waiting for the payment. We sent you the invoice yesterday."

Kuna kitu nimeona nikiandika. Mwanzo nilikuwa sijamwambia KWA NINI hayajasafirishwa, nimerusha maneno tu nikajua ataunganisha mwenyewe. Nilipolazimika kuigawa ndo nikakuta sababu yenyewe sijaiandika popote.

Ticha_wa_Kongwa:
Marahaba. Safi sana, hiyo ningekupa tisa kwa kumi. Moja nimetoa kwa koma ya kabla ya "because", itoe, hapo kishazi tegemezi kiko nyuma, kwa kawaida hakihitaji uzio. Ungekianza mbele, "Because we are waiting for the payment, the drums have not been delivered yet", hapo koma inarudi. Na ukimwandikia mteja weka "your payment", inamgusa bila kumkaba.

Binti_Chamwino:
Haya ticha nimesalimu amri kwa ile ya "group". Nimefungua barua zangu za kuomba kazi za mwaka jana nimekuta imo mara sita. Na nimekuta nimeandika "an university" kila barua, hiyo je?

Ticha_wa_Kongwa:
"A university". Unasikiliza sauti ya kwanza siyo herufi, inaanza na "yu" kama yai. Ila "an hour" maana ile h haisikiki.

Katibu_Zabibu:
Samahani la mwisho. Ile alama ya juu, kwetu ipo kwenye ng'ombe na Chang'ombe, kwa kingereza inaenda wapi? Kwenye wingi inawekwa?

Ticha_wa_Kongwa:
Kwetu ritifaa inabadili sauti. Kwao inafanya kazi mbili, herufi iliyodondoka kama "don't", na umiliki kama "the farmer's drum", pipa la mkulima mmoja. Wakulima wakiwa wengi inakuja baada ya s, "the farmers' drums". Na "it's" ni "it is", ukitaka umiliki ni "its" bila kitu. Wingi wa kawaida haiwekwi kabisa, usije ukaandika "drum's" ukimaanisha mapipa. Kwa nini unauliza?

Katibu_Zabibu:
Ticha. Lebo za mapipa tumechapisha 200 pale mjini, zimeandikwa GRAPE JUICE DRUM'S, na mimi ndo nilimwandikia fundi kwenye karatasi.

Mtoto_wa_Majengo:
Lebo rangi gani dada?

Katibu_Zabibu:
Nyeupe, maandishi meusi.

Mtoto_wa_Majengo:
Basi nunua ile kalamu nyeupe ya kufutia wino ya stationari, kila lebo nukta moja.

Katibu_Zabibu:
Nimeanza. Nipo ya 40, mwenyekiti anapita anauliza naremba nini.