Naomba ushauri: gasketi ya silinda hedi ya Land Rover Series III, petroli 2.25

Wakuu, habari za kazi. Gasketi (pakiti bapa ya kuziba kati ya hedi na bloku) imeungua katikati ya silinda ya 2 na ya 3. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya hizo mbili ni psi 70, ya 1 na ya 4 ni 140. Hedi na bloku zote ni chuma cha kalibu. Rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo) zinaonyesha hedi imebonyea mm 0.10 palepale ilipoungua, kwa hiyo inaenda kusagwa uso kidogo ili unyooke. Bloku iko sawa.

Dukani kuna gasketi mbili: ya shaba ya mtindo wa zamani, na ya kisasa yenye grafiti. Ipi inafaa kwa bloku iliyochakaa, yenye vishimo vidogo vya kutu kandokando ya matundu ya maji?

Pili, nipake kitu au niifunge kavu? Silikoni hapana: ikibanwa inamwagika ndani, inaziba njia za maji na injini inachemsha tena. Nafikiria gundi nyembamba isiyokauka, kwenye ile ya shaba tu. Wa grafiti mnafunga kavu kabisa?

Bolti nitakaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu: paundi-futi 20, 45, kisha 65. Matundu yake nitayakausha kwanza, maana maji au oili ikibaki chini, bolti inaweza kupasua bloku. Je, baada ya kuipasha injini moto na kupoa mnarudia kukaza, kabla ya kuseti tapeti (nafasi ya valvu) inchi 0.010? Na kwa grafiti pia?